Nani Anasafisha Mfongo? Miaka Sitini ya Kuchagua Mifumo ya Kompyuta Tanzania

Window au Linux? Ukitaka watu wachelewe chakula cha mchana kwenye maabara yoyote ya kompyuta, tupia swali hilo tu. Mmoja atasema Linux haishiki virusi. Mwingine atasema Window ndiyo kila mtu anaijua. Wa tatu, ambaye ndiye huitwa mashine zikigoma, atanyamaza na kuendelea na kazi yake.

Huku Shirimatunda, na Moshi kwa ujumla, swali hili limeshatoka maabara. Shule inayotaka kuweka matokeo ya wanafunzi kwenye seva, SACCOS inayotaka kuachana na madaftari, zahanati iliyochoka kutafuta mafaili ya karatasi: wote wanafika mahali pamoja. Mtu anawauliza, "Mnataka mfumo gani?" Na mara nyingi anayewasaidia kujibu ni yule yule anayeuza.

Kwa wasiozoea msamiati huu: seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Ndiyo inayotunza kumbukumbu, kupokea maombi na kutoa majibu. Ikilala, ofisi nzima inalala. Ikiingiliwa, siri za watu wote zimeingiliwa. Kwa hiyo kuchagua mfumo wa seva ni jambo zito kuliko kuchagua simu.

Katika makala hii tunarudi nyuma kidogo. Tanzania imekuwa ikichagua mifumo ya kompyuta tangu 1965, na historia hiyo ina jibu ambalo ubishi wa maabara huwa unaliruka. Nalisema mapema ili uweze kunipinga ukiwa unasoma: jina la mfumo lina uzito wake, lakini swali la nani ataukarabati, kwa muda gani na kwa ruhusa ya nani, lina uzito zaidi.

Mashine ya Hazina

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Iliitwa ICT 1500, na herufi hizo tatu hazikumaanisha TEHAMA kama leo. Zilikuwa kifupi cha jina la kampuni ya Uingereza, International Computers and Tabulators.

Sasa angalia jambo la kuchekesha kidogo. Nembo ilikuwa ya Kiingereza, lakini ndani mashine ilikuwa ya Marekani. ICT 1500 ilikuwa RCA 301, kompyuta ya kampuni ya RCA, ambayo ICT iliiuza kwa jina lake. Na Septemba 1964, mwaka mmoja kabla ya mashine yetu kufungwa, ICT ilishatangaza familia mpya kabisa ya kompyuta, 1900, yenye muundo tofauti. Yaani programu iliyoandikwa kwa ajili ya 1500 isingeweza kuhamia 1900 hivi hivi. Mnunuzi wa 1500 alikuwa ananunua njia ambayo mtengenezaji mwenyewe alikuwa ameshaanza kuiacha.

Tusiwalaumu sana wazee wetu wa Hazina. Mwaka 1964 ndio mwaka ambao IBM ilitangaza System/360, na wazo la kwamba kompyuta ndogo na kubwa za familia moja ziendeshe programu zile zile lilikuwa jipya duniani kote. Kabla ya hapo, kubadilisha mashine maana yake ilikuwa kuandika upya kila kitu. Mwaka 1968 ICT yenyewe ikaungana na wenzake na kuwa ICL. Nembo ikabadilika tena.

Kuhamisha hesabu za serikali kwenda kwenye kompyuta hakukwenda vizuri. Hesabu zikavurugika, gharama zikawa kubwa, na utaalamu mwingi ukabaki mikononi mwa wageni. Mwaka 1974 serikali ikachukua hatua ambayo bado inasimuliwa kwenye madarasa ya TEHAMA: ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Aliyetaka kuleta alihitaji kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa pole pole, na ni katika miaka ya 1990 ndipo mlango ulifunguka kabisa.

Marufuku hii huwa inasimuliwa kama kichekesho, eti watu waliogopa kompyuta. Mimi naisoma tofauti. Serikali ilijikuta na mfumo ambao haikuutengeneza, haikuweza kuurekebisha, na mwenye kuuelewa alikuwa anaondoka mkataba ukiisha. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kali mno na ilituchelewesha sana, lakini ugonjwa ulikuwa wa kweli. Na ugonjwa huo haujaisha.

Kambi mbili zinazaliwa

Wakati mlango wetu ulipofunguka, dunia ya kompyuta ilikuwa imeshagawanyika.

Upande mmoja kulikuwa na ukoo wa Unix, mfumo uliozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwaka 1983 Richard Stallman akatangaza mradi wa GNU ili kutengeneza mfumo wa aina hiyo ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kiini cha mfumo alichokuwa anakiandika mwenyewe. Vikaungana, tukapata kile tunachokiita Linux.

Upande wa pili Microsoft, iliyokuwa inatawala kompyuta za mezani, ikaleta Windows NT mwaka 1993, na humo ikaanza safari ya kuingia kwenye seva.

Mwaka 1995 kila kambi ikapata programu yake ya kuhudumia tovuti. Microsoft ikatoa IIS. Upande wa pili ikazaliwa Apache, na namna ilivyozaliwa inafaa kukumbukwa. Watu wengi walikuwa wanatumia programu ya tovuti kutoka taasisi ya NCSA ya Chuo Kikuu cha Illinois, lakini mwandishi wake mkuu, Rob McCool, alikuwa ameondoka na matengenezo yakawa yamezorota. Watumiaji wakaanza kutumiana viraka kwa barua pepe, yaani vipande vidogo vya msimbo vya kuziba matundu. Mwishowe wakavikusanya viraka vyote wakaanzisha mradi wao. Kufikia Aprili 1996 Apache ilikuwa imezipita zote kwa wingi wa matumizi kwenye intaneti.

Umeona? Programu ilikuwa nzuri, fundi wake akaondoka, na kilichoiokoa ni ruhusa. Msimbo ulikuwa wazi, kwa hiyo watumiaji waliweza kuushika wenyewe. Hazina ya mwaka 1974 haikuwa na ruhusa hiyo, wala haikuwa na mafundi wa kuitumia hata kama ingepewa.

Minyoo haiangalii nembo

Kisha ukaja mwaka 2001. Tarehe 18 Juni Microsoft ilitangaza tundu kwenye IIS na kutoa kiraka siku hiyo hiyo. Tarehe 19 Julai mnyoo uitwao Code Red, yaani programu inayojisambaza yenyewe kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubofya chochote, ulipita kwenye tundu hilo hilo na kuambukiza kompyuta zaidi ya 359,000 kwa muda usiofika saa 14. Wengi wa waliopigwa hawakujua hata kama wanaendesha IIS, kwa sababu Windows 2000 Server iliiweka yenyewe wakati wa kufungwa. Fundi alipiga window, akaondoka, na mlango ukabaki wazi bila mwenye nyumba kujua kuna mlango.

Septemba mwaka huo ukaja mnyoo mwingine, Nimda. Kampuni ya ushauri ya Gartner ikazishauri taasisi zilizopigwa na yote miwili zifikirie kuachana na IIS. Januari 2002 Bill Gates akawaandikia wafanyakazi wake waraka kwamba usalama sasa utangulie vipengele vipya. Matokeo yakaonekana: katika Windows Server 2003, IIS ikaacha kujiweka yenyewe.

Kambi ya Linux ilishangilia, lakini sherehe haikudumu. Tarehe 30 Julai 2002 yakatangazwa matundu katika OpenSSL, programu huria inayoficha mawasiliano ya seva nyingi. Viraka vikatolewa. Tarehe 13 Septemba mnyoo uitwao Slapper ukaanza kula seva za Linux zenye Apache ambazo hazikuwa zimewekewa viraka hivyo.

Tufanye hesabu ndogo ya siku kati ya kiraka kutolewa na mnyoo kupiga:

- Code Red, kwenye Windows: siku 31.
- Slapper, kwenye Linux: siku 45.
- Slammer, kwenye SQL Server ya Microsoft: kiraka 24 Julai 2002, shambulio 25 Januari 2003, siku 185.
- WannaCry, kwenye Windows: kiraka 14 Machi 2017, shambulio 12 Mei 2017, siku 59.

Mara nne dawa ilikuwa ipo dukani kabla ugonjwa haujafika. Waliougua ni ambao hawakwenda kuichukua, au hawakuwa na wa kuwachukulia. Sitaki kusema mifumo yote ni sawa. Uamuzi wa Microsoft wa kuweka IIS bila kuulizwa ulikuwa kosa la muundo na watu waliumia kwa sababu yake. Pia yapo matundu yanayokaa bila mtu yeyote kuyaona: Heartbleed, tundu lingine la OpenSSL, liliishi kama miaka 2 hadi lilipotangazwa Aprili 2014. Ila katika mashambulio haya manne, kilichotenganisha waliopona na waliopigwa ni bidii ya mtunzaji.

Kiraka kinapita kwenye waya gani?

Na hapa ndipo Afrika Mashariki inapokuwa na historia yake ya peke yake. Vitabu vya usalama vya Ulaya na Marekani husema tu: weka viraka mapema. Havisemi kiraka kinafikaje Moshi mwaka 2004.

Chukua Service Pack 2 ya Windows XP, iliyotolewa Agosti 2004. Ilikuwa kinga kubwa kuliko zote ambazo XP iliwahi kupata. Faili lake kamili lilikuwa na kama megabaiti 266. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, tena ikienda kwa kasi yake yote, hiyo ni zaidi ya saa 10 bila laini kukatika na bila umeme kukatika. Nani alikuwa na saa 10 kama hizo? Hadi kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, na kila megabaiti ilikuwa na bei yake.

Ongeza juu yake suala la leseni. Nakala nyingi za Windows mtaani zilikuwa za kukraki. Microsoft ilipoanza kukagua uhalali wa nakala katikati ya miaka ya 2000, wengi wenye nakala hizo walizima apdeti wenyewe wakiogopa kukamatwa na ile alama ya kuaibisha kwenye kioo. Kwa hiyo tulikuwa na mfumo ambao hatukuulipia pesa, tukaulipia kwa usalama. Mashine zikawa zinabeba virusi vya flashi kutoka steshenari hadi ofisini, na kurudi.

Linux ilitatua tatizo la leseni, ila haikutatua la waya. Ubuntu, iliyoanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilielewa hali hii na kutuma CD za bure kwa posta hadi mwaka 2011. Ilikuwa msaada mkubwa kwa kuanza. Lakini CD ni picha ya siku ilipochomwa, na matundu yanayogunduliwa kesho yake yanahitaji tena ule waya.

Mwaka huo huo wa 2004 ulikuwa na msisimko mwingine. Idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT46, iliendesha mradi wa Kilinux wa kuleta programu huria kwa Kiswahili, na Desemba ikatoa Jambo OpenOffice. Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mwaka huo mpango wake wa Kiswahili. Upande wa Uganda, Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kule Nkozi kilikuwa kimeamua kuhama kwenda programu huria. Ghafla kambi mbili zilikuwa zinagombea lugha yetu na ofisi zetu.

Kilinux iliacha kitu ambacho ni rahisi kukidharau. Vijana wa hapa waliufungua mfumo, wakaingia ndani, wakajua kila neno limekaa wapi. Ukishatafsiri programu nzima huwezi tena kuiogopa. Hiyo ndiyo mbegu ya fundi.

Hospitali na programu iliyozeeka

Mfano wa karibu na mlima ni hospitali. Katika miaka ya 2000 hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, zilianza kutumia Care2x, programu huria ya kusimamia hospitali iliyotokana na kazi ya Elpidio Latorilla. Ilikaa juu ya Linux, Apache, MySQL na lugha ya PHP, mchanganyiko ambao haukuhitaji leseni hata moja. Ikarekebishwa kulingana na mahitaji ya hapa. Kwa hospitali ya misheni inayohesabu kila shilingi, huo ulikuwa uamuzi wenye akili.

Lakini programu nayo inazeeka, na kuzeeka kwake kuna namna yake. PHP ya miaka ile ilizungumza na MySQL kwa kundi fulani la amri. Desemba 2015, toleo la PHP 7.0 liliziondoa amri hizo kabisa. Programu yoyote iliyoandikwa kwa mtindo wa zamani ilikuwa na njia mbili: iandikwe upya sehemu hizo zote, au seva ibaki kwenye PHP 5. Na PHP 5.6, ya mwisho katika ukoo huo, iliacha kupewa viraka mwisho wa mwaka 2018.

Unaona mtego? Meneja anasema, "Mfumo unafanya kazi vizuri, usiuguse." Ni kweli unafanya kazi. Ila umesimama juu ya sakafu ambayo hakuna tena anayeikarabati, na kuibadilisha sakafu kunahitaji mtu wa kuandika msimbo, si mtu wa kufunga nyaya tu. Taasisi nyingi zinazotumia programu za zama hizo, duniani kote, zimekwama hapo.

Mwaka 2021 watafiti wa usalama walichapisha udhaifu katika toleo la Care2x 2.7 Alpha. Mmoja ulikuwa wa kupenyeza amri za SQL. Kwa lugha nyepesi: mahali ambapo mfumo unategemea uandike jina au namba, unaandika amri ya hifadhidata, na mfumo unaitii. Kwenye hospitali, hifadhidata hiyo ni majibu ya vipimo vya watu. Vya jirani yako. Vya mama yako.

Je, hii inamaanisha hospitali zilikosea kuchagua programu huria? Hapana. Tundu la aina hiyo linapatikana kwenye programu za kulipia pia. Tofauti ni kwamba hapa msimbo upo wazi, na anayeweza kuandika PHP anaweza kuliziba leo usiku. Ruhusa ipo. Swali linalobaki ni kama bajeti ina mstari wa mshahara wake. Mara nyingi taasisi huchagua programu huria kwa sababu ni ya bure, kisha ile pesa iliyookolewa kwenye leseni haiendi kwa fundi. Hapo umechukua nusu ya mpango na kuiacha nusu yenye kinga.

Hazina inarudi darasani

Turudi Wizara ya Fedha tulikoanzia. Mwaka 1998 serikali ilianza kuweka mfumo mpya wa pamoja wa malipo na hesabu, uliosimama juu ya programu ya kulipia kutoka Marekani ambayo wengi tuliijua kwa jina la Epicor. Uliboresha mengi, na watumishi wa halmashauri wa miaka ile wanaukumbuka kila mwisho wa mwezi. Baadaye, mwishoni mwa muongo wa 2010, serikali ikaanza kuhamia MUSE, mfumo uliotengenezwa na wataalamu wa ndani.

Ni safari ndefu. Wizara ile ile, kazi ile ile ya kulipa na kuhesabu. Kwanza mashine ya kigeni isiyo na fundi wa ndani, ikaisha kwa marufuku. Kisha programu ya kigeni yenye mkataba. Halafu mfumo wa kwetu. Katikati ya hapo nchi ilipata sera yake ya kwanza ya TEHAMA mwaka 2003, Wakala ya Serikali Mtandao mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliyoifanya wakala hiyo kuwa mamlaka.

Ningependa kuishia hapo kwa vigelegele, ila haingekuwa haki. Mfumo wa nyumbani una hatari zake. Macho yanayoukagua ni machache, na vijana waliouandika wakipata kazi nje mnarudi 1974. Majirani zetu pia wametufundisha kitu. Januari 2012 mdukuzi mmoja wa Indonesia aliharibu tovuti 103 za serikali ya Kenya. Moja, mbili, unaweza kusema bahati mbaya. Mia na tatu ni namna ya kutunza: zilitunzwa kwa mtindo mmoja, zikaanguka kwa mtindo mmoja.

Wala programu huria yenyewe si ahadi ya milele. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, Linux ya bure iliyokuwa kipenzi cha wenye seva duniani, itaacha kupewa viraka mwisho wa 2021 na siyo 2029 kama watu walivyotarajia. Waliopanga miaka 10 wakabaki na mwaka mmoja. Upande wa pili, viraka vya kawaida vya bure vya Windows 10 vilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na ukipita maofisini na mitaani bado utaikuta. Ni hadithi ile ile ya ICT 1500: mtengenezaji ana ratiba yake, na haulizi yako.

Somo la mfongo

Wenyeji wa mlima huu wana teknolojia ya zamani kuliko zote nilizozitaja: mifongo, ile mifereji iliyochimbwa kuleta maji kutoka kwenye mito hadi mashambani na majumbani, ambayo Wajerumani waliikuta tayari inafanya kazi. Uchimbaji wake ulikuwa wa ustadi mkubwa. Lakini ukiuliza kwa nini mfongo fulani umedumu na mwingine umekufa, hutasimuliwa habari za uchimbaji. Utaambiwa kuhusu usafishaji. Mfongo ulikuwa na wenyewe, ulikuwa na mzee wa kugawa zamu za maji, na siku ya kuusafisha ikitangazwa watu walitoka. Asiyetoka alitozwa. Mfongo usiosafishwa hujaa tope na majani, maji hupasua kingo, na shamba la chini hukauka.

Kwa hiyo SACCOS ya Shirimatunda, au shule, au zahanati inayoletewa karatasi mbili za bei, moja ya Windows na nyingine ya Linux, ingeanza na maswali ya mfongo kabla ya maswali ya nembo.

Nani atausafisha? Atajwe mtu kwa jina, na mwingine wa kushika akiwa likizo au akihama. Kama Moshi kuna mafundi kumi wazuri wa Windows Server na mmoja wa Linux anayesafiri kila wiki, hiyo ni sababu halali kabisa ya kuchagua Windows yenye leseni. Na kama ni kinyume chake, chagua kinyume chake.

Viraka vitatolewa hadi mwaka gani? Kila toleo la mfumo lina tarehe ya kufa, nayo huwa imetangazwa. Iandikwe kwenye mkataba na kwenye bajeti, ili mwaka wa kuhama usije kama msiba.

Tukigombana na muuzaji, data zetu zinatoka? Zijaribiwe kutoka kabla ya kulipa awamu ya mwisho. Na bakapu zirudishwe kweli angalau mara moja, kwenye mashine nyingine, watu wakiangalia. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa ni imani tu.

Na nani atawajibika? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Tangu hapo, daftari la mikopo au la wagonjwa likivuja, taasisi iliyokusanya taarifa hizo ina la kujibu kisheria. Kusema "fundi ndiye aliyeweka" hakutoshi tena.

Ukishajibu hayo manne, ubishi wa Window na Linux unakuwa mwepesi kweli kweli, na mara nyingi unajijibu wenyewe. Yule wa tatu kule maabara, anayenyamaza wakati wenzake wanabishana, amekuwa akijua hivyo muda wote. Kabla hamjachagua mfumo, muulizeni kwanza analipwa shilingi ngapi.